Boma la Kuazima

Mwalimu Adigun alipojibwaga kifudifudi katikati ya sebule, Gesare alidhani ni kifafa. Kijana alikuwa ameingia vizuri tu, na tai yake, akaamkia kwa Kikisii alichofundishwa na Nyanchera, kisha bila kumwonya mtu akalala sakafuni, paji la uso kwenye saruji, mbele ya viatu vya mume wa Gesare, Mzee Abner. Heshima ya wakwe ilimkataza Gesare kumgusa mwanaume anayetaka kumwoa binti yake. Lakini haikusema neno kuhusu maji. Akashika jagi lililokuwa mezani, akalimimina lote shingoni mwa mwalimu.

"Mama!" Nyanchera akapiga kelele. "Si mgonjwa! Anawasalimia!"

"Anasalimia kwa tumbo?"

"Kwao Nigeria ndiyo heshima. Mwanaume hulala chini mbele ya wazazi wa msichana."

Abner Mogire, mzee wa kanisa la Sabato na mkulima wa chai hapo Sironga, aliukunja uso asijue afanye nini. Aliyejua la kufanya ni rafiki yake Ogada, fundi cherehani wa Nyamira, Mjaluo wa Kendu Bay, ambaye kila Jumapili kwa miaka ishirini alikuwa anakunywa chai kwenye sebule hiyo. Ogada alijipiga paja, akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, kama kilivyogeuka siku zote.

"Bwana Sabato, mwinue huyo," alisema akijifuta macho. "Si mmeshambatiza?"

"Nyamaza, samaki wewe. Huyu si mpangaji wako? Ungetuambia!"

"Ningekwambia ningeona wapi sinema? Tena huyu ni wetu Wajaluo. Si anaitwa Oyelade? Jina likianza na O, usiulize sana."

Hata Nyanchera alicheka. Gesare hakucheka. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa sakafu, akaacha, akaenda mlangoni, akarudi. Tangu asikie kwamba mkataba wa mwalimu kwenye shule ya sekondari unaisha Desemba hiyo ya 1973, na kwamba tarehe ishirini na nane angepanda ndege na binti yake kwenda mji unaoitwa Ibadan, mwanamke huyu hakuwa akikaa kitini kwa muda wa kumaliza kikombe.

Hakumchukia Adigun. Nani angemchukia? Alikwenda zahanati ya Ikonge ameungua mkono kwa asidi ya maabara, Nyanchera, muuguzi wa hapo, akamfunga bendeji, na mkono ulipopona aliendelea kwenda kufungwa bendeji miezi mitatu. Eneo zima lilijua, na lilimwonea huruma kijana wa watu anayetembea kutoka Nyamira hadi Ikonge na mkono mzima.

*

Wiki mbili kabla ya harusi wazee wa ukoo walikaa. Aliyeongea ni Makori, kaka mkubwa wa Abner. Adigun aliweka bahasha mezani, bei kamili ya ng'ombe wanane. Pembeni yake alikaa shangazi yake, Mama Morenike, aliyewasili majuzi kutoka Ibadan na masanduku matatu ya vitambaa, mwanamke mnene mwenye kilemba kirefu kilichowanyima waliokaa nyuma kuona chochote.

Makori aliisukuma bahasha kwa kidole kimoja.

"Pesa tumeona. Sasa tuambie, ng'ombe zinatoka boma ya nani?"

Nyanchera akatafsiri. Adigun akasema angewanunua mnadani.

"Mnada si boma. Sisi tunaenda kwa baba ya kijana, tunaona ng'ombe ndani ya boma yake, tunasema hii ndiyo, hii hapana. Tutakagua wapi? Tupande ndege tuangalie kwato?"

Wazee wakacheka kidogo. Shangazi aliuliza shida ni nini, akaambiwa, akashangaa. Kama ni ng'ombe, wanunuliwe kumi! Na kama ni nyumba, baba yake Adigun ana ghorofa mbili Ibadan!

"Iko wapi?" aliuliza Makori, akichungulia dirishani kana kwamba angeiona nje. Kisha akaacha mzaha. "Abner, ndugu yangu, mimi sina ubaya na kijana. Lakini msichana anaolewa kwa watu. Akipigwa, tuulize nani? Akirudi analia, nani atakuja kumfuata hapa tumketishe chini? Akizaa, mama yake apeleke unga ya wimbi wapi?"

Hapo Gesare, aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni, alitikisa kichwa kukubali. Ndilo swali lililokuwa likimtembeza nyumba nzima. Mama yake mwenyewe alikuja na kikapu mwezi wa kwanza baada ya yeye kuolewa, akakaa kwenye jiko lake, akaona sufuria zake, akarudi kwake akalala usingizi. Yeye angekwenda wapi na kikapu?

"Tata," Nyanchera alimwambia baba yake, "kama wazee wamekataa, sisi tutaandikishwa kwa DC Kisii. Tarehe ishirini na nane ninaondoka."

"Bila baraka?"

"Na nani aliyeninyima?"

Gesare akajitokeza mbele ya wanaume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mimi Adigun namtaka," alisema. "Lakini mtoto wangu sitamtoa hewani. Mnitafutie boma."

Kisha akatoka nje, akaanza kufagia uwanja aliokuwa ameufagia asubuhi.

*

Kesho yake alikunja kitambaa alichopewa na shangazi, lesi nzito ya rangi ya dhahabu aliyotakiwa kuvaa yeye na dada zake, wote sare, akakitia kwapani, akashuka Nyamira kwa Ogada ili kirudishwe kwa shangazi kabla hakijakatwa. Hakumkuta. Alimkuta mkewe, Zilpa Akong'o, nyuma ya nyumba, anapanga samaki wakavu wa kupeleka sokoni. Kwenye kamba nyuma yake yalining'inia mashati manne meupe.

"Nimerudi nayo," Gesare alisema. "Sitavaa. Hakuna harusi."

"Kaa kwanza, mama."

"Sikai."

"Basi simama tuongee. Hizi shati unaona ni ya nani?"

"Ya mzee wako."

"Ogada na shati nyeupe? Ni ya Adigun. Miaka mbili nafua mimi. Anakula kwangu. Akishikwa na malaria, mimi ndiyo nilikaa na yeye siku tano, anaita mama yake kwa lugha yao, na mimi naitika tu, ningefanya nini?" Zilpa aliweka samaki chini. "Sasa nyinyi mnatafuta boma yake Ibadan. Boma yake si hii?"

Gesare aliangalia. Kulikuwa na nyumba ya bati, chumba cha mpangaji, jiko la nje, na zizi dogo lenye ng'ombe mmoja wa maziwa. Kutoka nyumbani kwake ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Saa moja! Alihisi kitu kinamfunguka kifuani, na hapohapo akaona aibu.

"Makori atasema Mjaluo hawezi kuwa baba mbele ya wazee wetu."

"Atasema. Mdomo ni yake."

"Na mkikubali, mtakuwa wakwe zetu."

Zilpa alijipangusa mikono. Alikuwa ameishi na Wakisii vya kutosha kujua maana yake. Baba wa bwana arusi na baba wa bibi arusi hawataniani. Hawali sahani moja wala hawakai benchi moja. Neno la ovyo likimtoka mmoja mbele ya mwenzake ni aibu ya nyumba mbili, na watu husema ndoa ya watoto hulipa. Hakuna Jumapili kwa wakwe, kuna ziara, tena za kuitana.

"Wale wawili," Zilpa alisema polepole.

"Wale wawili," alisema Gesare.

*

Abner alikwenda mwenyewe. Ogada alikuwa kwenye veranda ya duka, mguu kwenye pedali, anashona kanzu pana ya Kinigeria ambayo Abner angevaa, kama angeivaa.

"Bwana Sabato, njoo nikupime tumbo tena. Kitambaa kinalia."

Abner hakurudisha utani. Akavuta kigoda, akamweleza yote, boma na ng'ombe na kusimama mbele ya wazee. Ogada alisikiliza bila kuinua kichwa. Pedali iliendelea.

"Zilpa ameniambia," alisema mwishoni. "Anafurahi. Amepata mke wa mtoto bila kuzaa." Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto, na ni Abner peke yake katika Nyamira nzima ambaye hakuwahi kumwuliza kwa nini. "Na nikikubali, nitakuitaje?"

"Mkwe."

"Na wewe?"

"Mkwe."

"Na Jumapili?"

Abner alitazama barabara. "Jumapili utakunywa chai kwako."

Ogada alishona mshono mrefu kutoka begani hadi chini. Abner aliona kwamba uzi ulikuwa umekwisha zamani na sindano ilikuwa inatoboa kitambaa kitupu, lakini hakumwambia.

"Huyo msichana nilimshonea nguo ya kwanza ya shule," Ogada alisema. "Ulinipa mkungu wa ndizi. Mbichi."

"Ziliiva."

"Ziliiva baada ya wiki mbili!" Akataka kucheka, kicheko kikakataa. "Leteni hao ng'ombe."

"Ogada. Kama una mzaha wowote umebaki, sema leo."

Fundi aliwaza. Miaka ishirini alikuwa hakosi neno, kanisani, sokoni, hata msibani.

"Hakuna," alisema. "Leo hakuna hata mmoja."

Wakakaa hivyo mpaka duka likafungwa, wanaume wawili wazima.

*

Siku ya kukagua ng'ombe Makori alifika na wazee watano. Adigun alikuwa amenunua majike saba na fahali mmoja mnadani, wamejaa kwenye zizi la Ogada mpaka ng'ombe wa maziwa akafungwa nje kwenye mti. Ogada alisimama langoni, ameshika fimbo aliyoiazima. Mpangaji wake Adigun alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama kijana yeyote anayesimama nyuma ya baba yake.

Makori alipita bila kumpa mkono.

"Hii inachechemea. Hii mzee, meno imekwisha. Na wewe," akamgeukia Ogada, "kwetu mtu ambaye hakuenda jandoni, kama nyinyi Wajaluo, ni mtoto, hata akiwa na mvi. Nitakaaje na mtoto kuongea maneno ya ng'ombe?"

Wazee wengine walitazama chini. Abner, kwa desturi, hakuwapo. Baba wa msichana hubaki nyumbani. Kama angekuwapo, sijui ingekuwaje.

Ogada alikuwa na majibu kumi, na angekuwa mtu huru angeyatoa yote. Akameza tisa.

"Mzee Makori, hii shamba uliniuzia wewe, mwaka sitini na moja. Ulisema nijenge boma, niweke ng'ombe, nikae na watu. Ulikula pesa ya mtoto?"

Mzee mmoja akakohoa ili asicheke. Makori aliangalia zizi, akaangalia nyumba, akaangalia Zilpa aliyekuwa amesimama mlangoni na chungu cha uji, na mwishowe fimbo yake ikamgusa ng'ombe yule anayechechemea.

"Huyu abadilishwe," alisema. "Wale wengine, sawa." Kisha akanywa uji wa Zilpa, amesimama, ili isisemekane kwamba alikaa.

*

Harusi ilikuwa Jumapili ya tarehe ishirini na tatu, na mpaka leo hakuna Sironga harusi inayotajwa bila kulinganishwa na ile. Bibi arusi alitoka amevaa kitambaa kizito cha kufumwa kwa mkono, zambarau yenye mistari ya fedha, na kilemba ambacho Mama Morenike alikifunga kwa saa nzima, akikikunja na kukikunjua mpaka kikasimama kama ua. Nyuma yake walitembea mama yake na mama zake wadogo, wanane, wote kwa lesi ya dhahabu, wanawake ambao vidole vyao vilikuwa bado na weusi wa kuchuma chai. Gesare alitembea akikishika kilemba chake kwa mkono mmoja, akiogopa kitamwangukia mchungaji.

Pete, mikufu na shanga za shangazi zilikuwa zimekataliwa na kanisa. Ngoma pia. Shangazi alinuna siku mbili, lakini kwaya ilipoimba sauti nne nje ya kanisa, chini ya turubai, aliinuka, akafumba macho, akaanza kucheza polepole mno, mabega tu na visigino, hivi kwamba hata mchungaji hakujua aanzie wapi kumkanya. Kisha akafungua mkoba. Akatoa noti za shilingi tano, mpya, na kwa desturi ya kwao akambandika Nyanchera kwenye paji la uso, moja, ya pili, ya tatu, zikadondoka majanini.

Watu walishika midomo. Ndipo Shemasi Nyangau, mtu wa Mungu na mwepesi wa kazi, akadhani wageni wametoa sadaka kwa mila yao, akakimbia ndani akaleta kikapu cha sadaka, akaanza kuokota. Shangazi akafurahi kupata mtu anayejua kazi. Akaongeza. Nyangau akaokota. Nyanchera alitaka kueleza, Adigun akamshika mkono, "Acha," naye akaacha, akacheka machozi yakimtoka. Paa la shule ya Sabato limeezekwa kwa noti za kicheko hicho.

Adigun alilala tena kifudifudi mbele ya wakwe zake, juu ya mkeka safari hii, na Gesare hakumwagia maji. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akainuka, akavuka uwanja, akalala mbele ya Ogada na Zilpa. Zilpa aliinama akamshika kichwa kwa mikono miwili. Ogada alisimama wima ndani ya kanzu yake pana na kofia ya ukuu wa ukoo aliyovishwa na shangazi, akilia waziwazi, na kila mtu alimwona.

Abner alikuwa ng'ambo ya uwanja, benchi lake mwenyewe. Walipeana mkono mara moja, kwa mikono miwili, vichwa vimeinama.

"Mkwe."

"Mkwe."

Na chakula kikaletwa, kila mmoja na sahani yake.

*

Tarehe ishirini na nane gari la kukodi liliwachukua maharusi. Gesare hakulia barabarani. Alihesabu siku, na mwezi ulipotimia alisaga wimbi, akachuma ndizi, akapanga kikapu, akakifunika kwa ile lesi ya dhahabu. Abner akavaa koti, akamsindikiza, maana mama wa msichana haendi peke yake.

Zilpa alimpokea kikapu langoni kwa magoti, kama inavyopasa, akamwongoza mpaka jiko la nje. Kulikuwa na mafiga matatu mapya, udongo wake haujaungua vizuri.

"Ni ya Nyanchera," Zilpa alisema. "Alikaa kwangu siku nne kabla ya safari, akapika hapo. Sufuria yake ni hii. Alisahau kijiko."

Gesare alichukua kijiko. Kilikuwa cha mti, kimeungua ncha. Alikishika, akaketi kwenye kigoda mbele ya moto, na Zilpa akamsomea barua ya kwanza kutoka Ibadan, akaisoma tena, na kikombe cha chai kikaisha, na cha pili, bila Gesare kuinuka.

Nje, wanaume walikaa benchi mbili zilizotazama upande mmoja.

"Mkwe, mvua imechelewa."

"Imechelewa, mkwe."

"Ng'ombe wanakunywa?"

"Wanakunywa, mkwe. Asante."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao mchana mzima. Jua lilipoanza kushuka wakaagana kwa mikono miwili, na Ogada akasimama langoni mpaka wageni wakapotea kwenye kona ya barabara ya Sironga.

Walitembea kimya hadi karibu na kituo cha kupimia majani chai. Gesare alitembea bila haraka, kikapu kitupu kichwani, kijiko mkononi. Abner ndiye aliyekuwa hatulii sasa. Alijikuna shingo, akavua kofia, akaivaa.

"Una nini?" mkewe akamwuliza.

"Umeona alikuwa na tepu ya kupimia shingoni? Amevaa koti la heshima, amefunga vifungo vyote, halafu tepu inaning'inia nyuma mpaka kiunoni. Alisahau kuivua."

"Sikuona."

"Mimi nimeiona mchana mzima. Nilitaka kumwuliza: fundi, heshima yetu imefika inchi ngapi?"

Akasubiri. Barabara ilikuwa tupu. Gesare, ambaye miaka ishirini aliwafokea wale wawili kwa kelele zao za Jumapili, akasimama, akashusha kikapu, akajipiga paja kwa nguvu, akacheka, na mwishoni, kwa kuwa aliona kicheko bado hakijatosha, akakohoa.